Zamu za Kumuuguza Mama Kissa

Jumapili, 30 Machi

Kuta zinatoka jasho tena. Kila mwaka miezi hii unyevu wa kusini huingia mjini, sakafu ya bweni inateleza, nguo hazikauki, na kitabu ukikiacha wazi mezani unakikuta kimevimba. Nilikuwa nimepanga kujifungia ndani mpaka tasnifu iishe. Nilipanga vizuri kabisa, halafu nikaenda kwenye mkutano wa Chama na kufungua mdomo wangu.

Chama cha Kuuguzana kilizaliwa mwaka ule wa korona, Watanzania wa hapa walipofungiwa vyumbani na kulishana kwa kuachiana sufuria milangoni. Mimi sikuwepo, nilikuja mipaka ilipofunguliwa. Waliokuwepo wanaongelea miezi ile kama wajomba zangu wanavyoongelea vita vya Kagera: wewe ambaye hukuwepo unyamaze kidogo. Walipotoka waliapa kwamba hakuna mwenzao atakayelazwa Guangzhou bila mtu pembeni ya kitanda. Hapa wauguzi wanachoma sindano na kutoa dawa, lakini kulisha, kuogesha na kumgeuza mgonjwa ni kazi ya ndugu. Kwa hiyo Chama hakina makubwa. Kina zamu. Ukiumwa, watu wanapokezana.

Alhamisi Mama Kissa alianguka kwenye jengo la nguo mtaa wa Guangyuan Xilu, akibishania bei ya fulana za watoto. Kiharusi. Upande wote wa kushoto umelala. Ni mfanyabiashara wa Mbeya, anakuja hapa tangu miaka ambayo mimi nilikuwa sekondari, na hakuna anayempenda sana. Medard, mwenyekiti wetu, mwenye ofisi ya kago, aliuliza nani aanze zamu. Watu wakatazama viatu vyao.

Ndipo Edina, anayesimamia ghala la Medard, akasimama. "Nilipolazwa mimi mwaka juzi, mimba imetoka, zamu mbili zilikuwa za huyo mama. Tulikaa hoteli moja, mlango kwa mlango. Hakuja. Katuma meseji eti ana kontena linapakiwa bandarini Nansha. Leo mimi nikamwogeshe? Bu xing. Haiwezekani."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Na mimi nikasimama. Miaka mitatu naandika juu ya Waingereza baada ya vita kuu ya pili, walivyotaka kujenga serikali ya kumtunza kila mtu tangu kuzaliwa mpaka kaburini. Mambo yako kichwani, yanatafuta pa kutokea. Nikawaambia kwamba Julai ile ya 1948 hospitali zilipofunguliwa bure, hakuna aliyeulizwa mlangoni kama ni mtu mwema. "Mkianza kuchambua nani anastahili," nikasema, "hamna Chama tena, mna genge la marafiki."

Walipiga makofi. Medard akasema, "Mwalimu kaongea pointi. Basi Mwalimu ndiye atatufungulia." Makofi ya pili yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza.

Natetea tasnifu tarehe 10 Juni. Ufadhili wangu unaisha mwezi huohuo na chuo kimeshasema hakiongezi hata wiki. Nikiikosa siku hiyo narudi Dodoma mikono mitupu. Lakini hii ni zamu ya siku tatu tu.

Jumatatu, 31 Machi

Wodi iko ghorofa ya tisa. Mlinzi wa mlangoni aliniuliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Nikajibu kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angejibu hata pale hospitali ya Benjamin Mkapa au Muhimbili: ndugu yake, mdogo wake kabisa, tumbo moja. Ukisema jirani unaachwa nje. Akanipeleka kwenye kamera, akaniambia nitoe miwani, nikapigwa picha, nikatia sahihi kama mdogo wa mgonjwa.

Sasa mlango wa kioo ukiniona unafunguka wenyewe, na sauti ya mwanamke inasema, "Umetambuliwa. Karibu." Nilifurahi kama mtoto. Nilitoka na kuingia tena makusudi.

Mama Kissa alinitazama kwa jicho moja lililo wazi. Mdomo umeenda upande lakini maneno yanatoka. Neno lake la kwanza kwangu: "Wamekosa mtu mwingine?"

Jumanne, 1 Aprili

Nimejifunza kumgeuza bila kumvuta bega. Mgongo wangu unaniuma.

Alhamisi, 3 Aprili

Zamu yangu inaisha leo. Chama kilikuwa kimemkodi mama wa Kichina, mfanyakazi wa hospitali hapahapa, wa kusaidia mchana, mtu mzima, mpole, ana mikono ya kazi. Mama Kissa kamfukuza. Alimmwagia maji ya uvuguvugu kwa ule mkono wake mzima, akidai anamshika kama mzigo wa belo. Yule mama akakunja aproni yake akaondoka bila neno.

"Simwelewi anachosema," Mama Kissa akasema.

"Miaka yote hii unanunua mzigo China, humwelewi?"

"Ninachojua ni cha sokoni. Laoban, bosi, punguza. Laoban, hii imechanika. Ya hospitali sijui."

Jioni alikuja Swalha kunipokea, msichana wa mwaka wa pili wa uhandisi, kabeba mandazi. Mlango ukamkataa. "Hujatambuliwa. Tafadhali rudia." Akarudia. Akavua ushungi nusu, akarudia. Mlinzi akasema mgonjwa mmoja, mwangalizi mmoja, uso mmoja. Swalha alinipa mandazi kwa mlango ulioachwa wazi kidogo, akaniangalia kwa huruma nyingi, akaenda zake haraka kuliko huruma ile ilivyostahili.

Nikampigia Medard. "Sasa Mwalimu, mlango unakujua wewe," akasema. "Vumilia kidogo, naulizia utaratibu."

Jumapili, 6 Aprili

Medard anasema utaratibu ni mgumu. Habari za bili wanazo yeye na ndugu wa Mbeya, mimi simo. Mimi nimo kwenye uso.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Sura ya tano haijaguswa.

Alhamisi, 17 Aprili

Maonyesho makubwa ya biashara yamefunguliwa na mji umejaa. Wageni wanashuka uwanja wa ndege wa Baiyun na kuingia mjini na metro, wote wanatafuta mawakala, na wanachama wote wa Chama ni mawakala. Kwenye kundi letu la WeChat wananitumia vikatuni vya viganja vilivyokutanishwa kuomba. Mungu akubariki Mwalimu. Mungu akutie nguvu. Hakuna anayeuliza mlango umesemaje.

Siku zangu ni hizi. Namgeuza. Namsafisha, nambadilisha nepi. Uji. Dawa. Mtaalamu wa mazoezi anakuja, anamkalisha, Mama Kissa anamtukana Kinyakyusa. Daktari anasema hawezi kusafiri mpaka aweze kukaa wima muda mrefu na awe na mtu wa kumsindikiza. Namlisha tena. Akisinzia nafungua kompyuta mapajani na kusoma juu ya miwani na meno ya bandia ambayo Waingereza walipewa bure wote kwa pamoja, wakayachukua kwa mafuriko, na miaka mitatu baadaye serikali ikaanza kuwatoza. Kisha anaamka na kusema, "Mwalimu, mto."

Si "naomba". "Mto."

Profesa Huang, msimamizi wangu, ameandika: sura ya tano nyembamba, mapungufu ya mfumo umeyataja kama mgeni anayepita. Amekosea wapi? Hajakosea.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimesikia ibada kwenye simu, sikio moja. Mama Kissa aliimba pambio na nusu ya mdomo, vizuri kuliko mimi mwenye mdomo mzima.

Ijumaa, 2 Mei

Leo namchukia. Nimeandika, na sifuti.

Nilimwogesha kwa kitambaa, maji yakawa ya baridi mno, nikabadilisha, yakawa ya moto mno. Nilipomaliza akasema kichwani bado. Nikamsuka upya mabutu yote, akajitazama kwenye simu na kusema, "Kissa angenisuka vizuri zaidi." Kissa ni binti yake, yuko Mbeya na mtoto mchanga, anapiga simu kila siku na kulia, kisha mama yake anakata simu na kuniambia anayelia hajengi.

Nikamwambia, "Basi Kissa aje."

Nikaona jicho limejaa maji, na sikujisikia vibaya. Nilijisikia vizuri. Nilitoka mpaka kwenye korido na kusimama mbele ya mlango wa kioo. Upande wa pili watu walikuwa wanasubiri lifti na miavuli yao inayodondosha maji, wanaenda kula. Naruhusiwa kutoka, hakuna aliyenifunga pingu. Ila nikikaa saa mbili nje, yeye analala kwenye mkojo wake, na wauguzi wananiuliza nikirudi: mdogo wake gani wewe? Ninasukumwa ndani na aibu. Hiyo ndiyo kufuli yenyewe.

Nikarudi kwenye kitanda changu cha kukunja na, kwa hasira, nikaandika kurasa nyingi kuliko mwezi mzima. Niliandika juu ya ile ripoti ya Waingereza ya 1942 ambayo jengo lote la ustawi wao limesimama juu yake. Nimeisoma mara nyingi na kuipigia mistari. Inamhesabu mwanamume kazini, inamhesabu mtoto, inamhesabu mzee. Mke wa nyumbani inamsifu sana, halafu inachukulia kwamba atakuwepo tu, bure, siku zote, na mgonjwa akirudishwa nyumbani yeye atakuwa amesimama mlangoni na beseni. Nilikuwa nimempa aya moja. Leo nimempa sura.

Babu yangu mzaa mama alifyeka vichaka Kongwa kwenye ule mradi wa karanga, ili Waingereza wapate mafuta ya kupikia wakati wanajenga ustawi wao. Karanga hazikuota, hilo linajulikana. Babu alikuwa akisema walimpa kofia nzuri. Naye nimemwingiza sura ya tano. Kama kuna mahali pa kuwataja walioshika beseni bila kuulizwa, ni hapo.

Jumamosi, 10 Mei

Ameketi wima kwenye kiti kwa muda wa kunywa chai. Tulishangilia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi.

Jumapili, 18 Mei

Mvua haikati. Watu wa hapa wanaiita mvua ya mashua za joka, maana inakuja na sikukuu yake. Dirisha letu linaona paa la jengo jingine na maji yanavyolikimbilia bomba.

Leo Mama Kissa aliongea mwenyewe, bila kuulizwa, wakati nampaka mafuta miguuni.

"Edina amekwambia sikwenda kumuuguza."

"Amewaambia wote."

"Kontena lilikuwa limeshaondoka Nansha siku nyingi. Nilidanganya." Akavuta pumzi, maana maneno marefu bado yanamchosha. "Nilisimama mbele ya mlango wangu na viatu nimeshavaa. Supu nimeshapika. Nikashindwa. Unajua mama yangu nilimuuguza miaka mingapi? Miaka sita, Mwalimu. Peke yangu. Kaka zangu wanne wanakuja Krismasi wanasema ubarikiwe. Biashara ilikufa, mume akaondoka. Tulipomzika nikaapa siingii tena wodini na beseni. Kwa mtu yeyote. Supu ile nikaila mwenyewe."

"Ungemwambia Edina hivyohivyo."

"Ningemwambia nini? Wewe ulipoteza mtoto, mimi nimechoka?"

Niliendelea kumpaka mafuta. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilimchukia tarehe mbili, na kwamba wale kaka wanne nawafahamu, wako kwenye kundi la WeChat na viganja vyao. Nilimkanda kidole kimoja kimoja, na ule mguu uliolala, kwa mara ya kwanza, ukanirudishia msukumo kidogo.

Jumanne, 20 Mei

Profesa Huang: "Sasa hii ni sura." Nimemsomea Mama Kissa. Akauliza kama atanipa cheti leo au mpaka niende.

Jumapili, 25 Mei

Zimebaki wiki mbili na kidogo. Medard hapokei simu.

Jumamosi, 31 Mei

Sikukuu ya mashua za joka. Muuguzi Lin, yule mdogo mwenye kucheka, alituletea vitumbua vyao vya mchele vilivyofungwa kwa majani, vina nyama ya nguruwe ndani. Akaniona nimebeba kompyuta na uso wangu ulivyo, akauliza kuna nini. Nikamwambia yote: tarehe kumi, chuo, ufadhili, mlango.

Hakuelewa. "Kwa nini hambadilishani?"

"Kwa sababu ya uso. Uso ni mmoja."

"Uso ni mmoja kwa wakati mmoja," akasema. "Anakuja mwingine, anakwenda dirishani ghorofa ya chini, mgonjwa anaweka dole gumba kwenye karatasi, wanapiga picha mpya, ya zamani inafutika. Ni kazi ya dakika chache. Watu wanafanya kila siku." Akaonyesha kitanda cha pili, ambacho kwa kweli nimeona watoto watatu wa yule bibi wakipishana tangu Aprili, na sikuwahi kujiuliza wanapitaje. Nilichukulia kwamba wao ni ndugu wa kweli na mimi ni mwongo niliyetia sahihi, na mwongo hapigi hodi madirishani kuuliza maswali. "Mzee wenu wa kago alikuja kuuliza wiki ya kwanza kabisa," Lin akaongeza. "Nilimweleza mimi."

Miezi miwili.

Nikampigia Medard kwa simu ya Lin, akapokea. Sikumsalimia.

"Ulijua."

"Mwalimu, nisikilize. Nilijua, ndiyo. Wewe ulikuwepo mkutanoni, uliona. Ningesema zamu iko palepale, nani angekuja? Edina angekataa mbele ya watu, na wengine wangejificha nyuma yake. Siku mtu anakataa zamu hadharani, Chama kimekufa. Hawa wapya hawakuwepo korona, hawajui tulikotoka. Nikaona afadhali mlango ndio ukatae. Mlango hauna lawama."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unaweza," akasema. Alisema kwa upole kabisa, kama anayenisifia.

Nimesoma mawaziri wangapi waliosema hivyo kwa maneno marefu? Nilikata simu. Nikamgeukia Mama Kissa nimweleze, maana sasa kila kitu namweleza yeye, nikaona hatazami. Anatazama ukuta.

"Mama Kissa."

Akavuta shuka kwa mkono wake mzima.

"Na wewe ulijua."

"Simu inatafsiri," akasema mwishowe. "Nilimwuliza Lin mwezi wa nne."

"Ukanyamaza."

"Ningesema ungekwenda."

"Ningekwenda na mwingine angekuja!"

"Nani?" Alinigeukia. Sasa alikuwa analia waziwazi, nusu ya uso inalia na nusu imetulia. "Mwalimu, nani? Mimi mwenyewe sikwenda. Mimi nawajua watu wanavyofanya, maana ndivyo nilivyofanya. Nikasema huyu mlango umemkamata, basi umshike."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya wodi. Nilitamani kumpiga na nilitamani kumkumbatia, vyote kwa mkono uleule. Baadaye ilikuwa saa ya kumgeuza, nikamgeuza.

Jumapili, 1 Juni

Nilimwacha na bibi wa kitanda cha pili na nikaenda mkutanoni, nimelowa mpaka magotini. Nilisimama palepale niliposimama Machi. Sikutaja Waingereza. Nilisema: kuna dirisha ghorofa ya chini, uso unabadilishwa kwa dakika chache, mwenyekiti alijua, mgonjwa alijua, na mimi ambaye nilipaswa kuuliza sikuuliza. Tarehe kumi natetea tasnifu. Nahitaji mtu wa siku moja.

Hakuna aliyepiga makofi. Medard alitazama meza. Swalha alisema ana mtihani, na najua ni kweli. Mwingine akasema Mwalimu pole sana, tutaliangalia. Nilimtazama Edina. Alikuwa anakunja mwavuli wake pole pole, ubavu mmoja mmoja, kama kazi ya maana kuliko zote. Hakuinua macho.

Nikaongeza jambo moja ambalo sikulipanga. Nikasema, "Alikuwa ameshapika supu." Edina peke yake ndiye aliyesimamisha mkono.

Alhamisi, 5 Juni

Hakuna mtu.

Jumamosi, 7 Juni

Hakuna mtu. Mama Kissa amekaa wima tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Anafanya mazoezi kama anayeadhibiwa. Hatuongei sana.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepiga pasi blauzi kwa kuitandaza chini ya godoro. Nimeomba chuo nitetee kwa video nikiwa hapa. Jibu limekuja mchana: watahiniwa wote wafike wenyewe.

Kwa hiyo ama namwacha peke yake kutwa nzima, ama siendi. Nimekaa na hilo mchana wote. Nimehesabu nepi, nimeweka maji karibu na mkono wake mzima, nimekata embe vipande vidogo, nimeviondoa nikikumbuka anavyopaliwa, nimevirudisha. Bibi wa kitanda cha pili ameshaenda kwao; nilimwandikia Lin ujumbe, kesho yuko likizo. Muuguzi mkuu akasema hairuhusiwi mgonjwa wa namna hii kukaa bila ndugu. Ndugu ni mimi. Nilisema mwenyewe, mlangoni, nikiwa na akili zangu timamu.

Mama Kissa alikuwa ananiangalia nikizunguka. Akasema, "Nenda."

"Utakaa na nani?"

"Nitakaa. Mama yangu alikaa peke yake siku za soko. Hakufa siku hizo." Halafu akasema kitu ambacho hajawahi kuniambia tangu Machi. "Naomba uende."

Jumanne, 10 Juni

Naandika nikiwa kwenye ngazi za hospitali, blauzi imelowa, sijali.

Nilimbadilisha alfajiri nikaondoka. Kwenye metro nilikuwa naona mto umeanguka, naona glasi imeanguka, naona yeye mwenyewe sakafuni. Chumba cha kutetea kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na watu watano wa kunipima. Niliongea vizuri sura nne za kwanza. Ya tano niliiongea kama mtu anayegombana, na Profesa Huang aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Kisha mmoja wao, bibi mwenye mvi kutoka chuo kingine, akauliza: ikiwa watu wale walitunzana kwa sababu walipita vita pamoja, je, waliopita vita walipoisha, waliobaki walitunzana kwa sababu gani?

Nilitaja vyanzo vitatu. Nilitaja kodi, nilitaja sheria, nilitaja mazoea. Nilijisikia nazunguka. Aliandika kitu, akasema asante. Wakanitoa nje, wakanirudisha, wakaniambia nimepita, na marekebisho madogo. Watu wakanipa mikono. Mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani.

Nilikimbia kwenye mvua kutoka kituoni. Lifti, ghorofa ya tisa, nikavua miwani mbele ya kamera.

"Hujatambuliwa. Tafadhali rudia."

Nikafuta uso kwa mkono. "Hujatambuliwa. Tafadhali rudia." Nikafuta kamera. Nikapiga kioo. Kichwani mwangu lilikuwa jambo moja tu: amekufa, wamemtoa, wamefuta jina lake na uso wangu pamoja. Nililia kwa sauti pale mlangoni na mlinzi akasimama.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Alikuwa Edina, mikono ya blauzi ameikunja mpaka kwenye viwiko, beseni ubavuni. Nyuma yake nilimwona Mama Kissa kwenye kiti, wima, nywele zinadondosha maji, dole gumba la kulia bado lina wino mwekundu.

"Sijamsamehe," Edina aliniambia kabla sijauliza kitu. "Na yeye hajaniomba msamaha. Hatujaongea tangu asubuhi, zaidi ya mto na maji."

"Sasa kwa nini..."

"Ni zamu yangu." Alilisema kwa kukereka kidogo, kana kwamba nimemuuliza jambo la wazi. "Swalha mtihani unaisha kesho, anachukua Alhamisi. Medard anampeleka mazoezi Ijumaa, nimemwambia, hakunibishia. Wewe Jumapili. Pita dirishani kwanza. Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Hongera," akasema. "Usiingie na hayo maji, nimeshapiga deki."

Mlango ukajifunga kati yetu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka saa ya kumgeuza Mama Kissa, nikakaa kitandani bwenini, sijui mikono niiweke wapi. Mvua. Leo si zamu yangu.